Magaga ya Bampa

Jumapili, 4 Agosti

Niandike kwa wino, maana siku moja watu watauliza. Katika mji huu hakuna anayelijua gari kuliko mimi. Hakuna! Mafundi wanajua injini. Matajiri wanajua kununua. Mimi nalijua gari lenyewe, kuanzia ngozi. Waziri mmoja — simtaji — aliwahi kusimamisha msafara wake mzima, pikipiki na ving'ora, akashusha kioo, akaniuliza bampa zangu nimezipaka nini mpaka zinang'aa vile. Nikamwambia, mheshimiwa, hiyo ni siri ya kazi. Akacheka, akanipigia saluti. Waziri!

Halafu leo, mbele ya ukoo, natukanwa.

Kikao cha harusi kilikuwa sebuleni kwa dada. Anayeolewa ni Kidoti, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Tunamwita hivyo kwa ile alama ya kidevuni. Harusi ni Jumamosi tarehe 17. Wakapanga viti, wakapanga maua, wakapanga nani asimame wapi kwenye picha. Likafika suala la gari la bibi harusi. Mimi hata mkono sikunyanyua. Ninyanyue wa nini? Jambo linajulikana tangu mtoto ana miaka saba. Alikuwa anakaa kiti cha nyuma cha gari langu, miguu haifiki chini, anasema, mjomba, siku nikiolewa dereva ni wewe. Nikamwambia, mama, hilo limepita.

Kumbe kuna mtu ana lake moyoni! Baba mdogo wa Kidoti, mdogo wa shemeji yangu. Mimi namwita Kiyoyozi, maana hawezi kumaliza sentensi mbili bila kutaja kiyoyozi cha gari lake jipya. Akakohoa. Akasema yeye yuko tayari kulitoa gari lake, kubwa, jeusi, ili bibi harusi asitoke jasho. Nikasema tunashukuru, gari lipo. Yule bwana akanyanyuka, akaenda dirishani, akavuta pazia. Ukoo mzima ukaliangalia gari langu pale nje.

"Shemeji," akasema, "hilo gari lina magaga."

Magaga! Kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta! Watu walicheka mpaka mwenyekiti akapiga meza. Shangazi mmoja alivua kandambili akaanza kujikagua miguu yake mwenyewe.

Sawa, bampa zimepauka kidogo. Zimekuwa kijivu. Na zile plastiki za juu ya matairi, na vitasa, na mistari ya ubavuni. Mipira ya milango nayo imekauka. Gari linalala nje mwaka wa kumi na saba sasa, mimi jua silizimi. Lakini magaga?

Dada akakata shauri huku anakunja karatasi zake, hata hanitazami. "Mdogo wangu, una mpaka Alhamisi ya wiki ya harusi. Ukilirudishia weusi wake, utambeba mwanangu. Likibaki hivyo, atapanda la baba yake mdogo. Picha hizo tutaziangalia maisha yetu yote."

Tutaona nani ana magaga.


Jumatatu, 5 Agosti

Hasira bado. Nimekunywa chai nusu kikombe, nikamwachia kikombe mke wangu.

Kazini nimeanza utafiti. Mimi ndiye Mkuu wa Lango pale kiwanda cha magodoro. Wenye wivu wanasema mlinzi. Haliingii gari wala halitoki bila jicho langu. Leo nimekagua bampa arobaini na moja. Nimegundua jambo ambalo hata waliotengeneza magari nadhani hawalijui: yanayolala kivulini ni meusi, yanayolala juani ni kijivu. Nimeliandika pembeni na tarehe, asije mtu akaliiba.

Dereva wa mkurugenzi akajifanya mwalimu. Ati kwanza uoshe plastiki kwa sabuni na brashi mpaka uchafu wa ndani utoke, uache ikauke kabisa, halafu upake dawa yake, kidogo tu, kwa kitambaa. Ukipaka juu ya uchafu unapaka uchafu. Nikamwambia, kijana, mimi napaka bampa wewe hujazaliwa! Ana miaka hamsini na minne. Lakini ujumbe ulifika.


Jumanne, 6 Agosti

Nimemaliza kazi! Siku mbili tu! Rangi ya viatu, nyeusi, makopo mawili. Kwa nini hakuna aliyewahi kulifikiria hili? Kiatu ni ngozi, bampa ni ngozi ya gari. Nimepiga brashi mbele na nyuma, juu ya matairi, vitasa, vioo vya pembeni, mpaka kile kiplastiki cha chini ya wipa. Unajiona sura!

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara aliacha mashine akaja kuangalia. Akazunguka gari mara moja. Akasema, "Limevaa viatu vipya." Nikamwambia nenda kawaambie wengine.

Kesho namwita dada. Alhamisi ya nini? Nampa matokeo wiki nzima kabla.


Jumatano, 7 Agosti

Mvua. MVUA! Mwezi wa nane! Wiki sita haijanyesha, leo inanyesha!

Gari langu ni jeupe. Sasa limelia wanja. Mistari myeusi kutoka kwenye vioo vya pembeni mpaka chini, kutoka kwenye vitasa mpaka chini, kama mwanamke aliyefiwa akiwa amejipamba. Watoto wa shule wamesimama wanacheka. Fundi cherehani naye kafika. Kasema viatu vimelowa.

Mke wangu kaegemea mlango kuniuliza naumwa nini. Kaondoka na mstari mweusi mgongoni, kwenye koti lake jeupe la saluni. Yeye ni msusi, ana wateja, ana ulimi. Kasema nimpe Kiyoyozi nafasi yake tupumzike. Nikamwambia, wewe unazungumza na mtu aliyesimamisha msafara wa waziri! Akasema hakukuwa na waziri. Alikuwa mlinzi wa benki, na alitaka niondoe gari mlangoni.

Mwanamke huyu nimeishi naye miaka ishirini na sita. Hajawahi kuniacha nimalize hadithi hata moja.


Ijumaa, 9 Agosti

Jana sikuandika. Nilikuwa naosha wanja.

Leo fundi mmoja wa bodi, tena fundi wa kweli, ana karakana, kaniambia plastiki iliyopauka inatibiwa kwa moto. Weusi haujapotea, umekimbilia ndani. Ukiipuliza hewa ya moto, unatoka wenyewe. Yeye ana bunduki yake ya hewa ya moto, haazimishi. Hata kwa rafiki haazimishi!

Nikachukua drai ya mke wangu, ile anayokaushia wateja nywele. Nikavuta waya kutoka dirisha la saluni yake, hapa hapa nyumbani. Saa moja na nusu nimechuchumaa. Na weusi ulitoka! Naapa ulitoka — kama ukubwa wa kiganja, au tuseme nusu kiganja, pembeni kushoto. Halafu drai ikatoa harufu. Halafu moshi. Halafu kimya.

Sikujua kama kuna mteja kwenye kiti. Mama wa watu alitoka nje nusu ya kichwa nywele zimenyooka, nusu zimesimama. Mke wangu nyuma yake. Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele. Kasema tu, "Baba watoto, mrudishie mama wa watu kichwa chake."

Siandiki zaidi.


Jumamosi, 10 Agosti

Kidoti kaja. Peke yake, mchana, kavaa kanga kichwani kwa sababu ya jua. Mimi nimekaa kwenye ndoo nyuma ya gari natafakari ile bampa. Kafungua mlango wa nyuma, kakaa mahali pake pa siku zote. Miguu siku hizi inafika chini.

"Mjomba, unalitazama kama mgonjwa."

"Wamenidharau, mama."

"Mimi hata likiwa kijivu nitapanda. Ila mama unamjua."

Namjua. Tumezaliwa naye.

Kisha kanikumbusha ile siku nilipompeleka hospitali ana homa, barabara imejaa maji, magari makubwa yamesimama na mimi nikapita. Maji yalifika kwenye vioo. Samaki mmoja alipita mbele ya kioo cha mbele akanitazama. Hadithi ilipofika kwa samaki, Kidoti kacheka, kasema mwaka jana samaki alikuwa mmoja lakini mdogo. Basi, na samaki hukua!

Kisha kanitolea chupa mkobani. Dawa ya plastiki na mipira ya magari. Kanunua dukani, kwa ajili yangu. Kaanza kunisomea nyuma ya chupa: osha, kausha, weka kidogo kwenye kitambaa, pangusa. Inafaa kwa bampa na kwa mipira ya milango pia. Mipira isipakwe kitu kingine. Nikamwambia, mama, kusoma najua. Nilifika darasa la sita, na darasa la sita la wakati wetu ni chuo cha sasa hivi.

Nilishukuru, lakini moyoni imenichoma. Mimi! Wa kuletewa dawa ya chupa, kama mtu aliyejifunza gari jana! Nimeitia kwenye droo ya dashibodi. Ikae humo. Nitalifufua gari hili kwa dawa yangu mwenyewe au sitalifufua.


Jumapili, 11 Agosti

Nimekwenda kwa mzee wa vipuri kumuomba oili chafu, ile inayotolewa kwenye injini. Duka lake dogo, mikanda ya feni imening'inia mpaka inakugusa masikio. Akauliza ya nini. Nikamwambia nachanganya dawa ya mipira ya milango, fomula nilipewa na mhandisi mmoja wa ndege.

Akavua miwani. Anapovua miwani ujue utahubiriwa.

"Mipira ya milango? Usithubutu. Mpira ukinywa oili unalewa. Unavimba, unalainika, unanata. Na mafuta ya mgando hivyohivyo. Na mafuta ya taa ndiyo kabisa."

Nikamuuliza, mzee, wewe umeuza mipira mingapi ya milango maisha yako? Akasema mingi sana, na karibu yote kwa watu waliopaka oili. Basi ndiyo hapo nikaelewa! Anataka nimnunulie mipira mipya. Biashara! Nikachukua kidumu cha oili alichokuwa ameshanijazia, nikaaga kwa heshima kwa sababu ni mtu mzima, nikaondoka.


Jumanne, 13 Agosti

Nani ana magaga? Nauliza! Nani?

Bampa nyeusi. Nyeusi tii, siyo ule weusi wa kulia wanja. Ukipitisha kidole kinatoka safi. Nyuma hivyohivyo. Juu ya matairi hivyohivyo. Vioo vya pembeni, kiplastiki cha wipa, mistari ya ubavuni. Nimeliosha kwanza kwa sabuni na brashi ya meno, kila kona, maji yakatoka meusi kama wino. Hilo la kuosha nimelifikiria mwenyewe. Nikaliacha likauke. Kisha nikapaka dawa, kidogo tu, kwa kitambaa.

Fundi cherehani kaja. Kazunguka mara tatu. Kauliza dawa gani. Nikamwambia ni fomula ya mhandisi wa ndege. Kasema kweli linafaa kuruka.

Chupa ya Kidoti nimeiona mle kwenye droo, imepungua zaidi ya nusu. Itakuwa inavuja. Vitu vya siku hizi!


Jumatano, 14 Agosti

Chupa imekwisha kabisa. Imevuja yote.

Imebaki mipira ya milango. Haionekani mlango ukifungwa, lakini bibi harusi akifunguliwa mlango, mpiga picha yuko pale pale, na ule mpira wa kijivu uliopasukapasuka utakuwa pembeni ya shela. Namjua Kiyoyozi! Ataikuza hiyo picha aitundike sebuleni kwake.

Kwa hiyo nimechanganya. Oili chafu, mafuta ya mgando ya mke wangu kopo zima, mafuta ya taa kidogo ili iwe nyepesi. Nimekoroga kwa kijiti. Milango minne, juu mpaka chini. Mipira imeng'aa kama nyoka aliyejivua gamba! Ilikuwa migumu, sasa ukiibonyeza inabonyea. Imekuwa hai.

Mzee wa vipuri aje aone. Anaogopa kukosa biashara, yule.


Alhamisi, 15 Agosti

Nimeshinda. Niandike taratibu, nisisahau hata moja.

Saa kumi jioni dada kaja, shemeji kaja, na Kiyoyozi kaja na gari lake, kaacha injini inanguruma ili tujue kiyoyozi kinafanya kazi. Gari langu nimeliegesha bampa mbele, limeelekea lango. Dada akafungua mkoba. Akatoa leso nyeupe. Akainama, akapangusa bampa, kushoto mpaka kulia. Pumzi zangu zote zilikuwa kwenye leso ile. Akaigeuza, akaitazama.

Nyeupe!

Akaenda nyuma. Nyeupe! Akapangusa kioo cha pembeni. Nyeupe!

"Kumbe unaweza, mdogo wangu," akasema. Dada yangu, mbele za watu. Mara ya mwisho kunisifu nilikuwa nimepanda juu ya bati kumtolea mpira wa netiboli.

Kiyoyozi akatoa leso yake mwenyewe, haamini leso ya mtu! Nyeupe! Akazunguka anatafuta la kusema. Akafungua mlango wa nyuma, akaufunga. Haukufunga. Akarudia kwa nguvu. Ukafunga. Akasema milango mbona mizito.

Nikamwambia, shemeji, gari la maana mlango wake ni mzito. Gari la waziri unahitaji watu wawili kuufunga.

Akanyamaza. Kiyoyozi kanyamaza! Injini yake ndiyo ilikuwa inasema peke yake kule.

Kidoti atapanda gari langu.


Ijumaa, 16 Agosti

Maandalizi ya mwisho. Nimeipaka mipira mkono wa pili na wa tatu, mnene, ifike kesho ikiwa bado inang'aa. Nimefunga utepe mweupe kwenye boneti.

Mlango wa dereva umekuwa na heshima kupita kiasi, haukutaka kufunguka. Nikaingilia wa abiria nikausukuma kutoka ndani kwa miguu miwili. Mke wangu kauliza mbona natokea upande ule. Nimemwambia napima nafasi. Kaniangalia muda mrefu. Tangu drai iungue ananiangalia muda mrefu.

Suti iko tayari. Daftari hili nitalitia kwenye droo ya dashibodi, niandike kesho mambo yakiwa bado moto.


Jumamosi, 17 Agosti — asubuhi

Jua kali tangu saa mbili. Zuri kwa picha.

Kidoti kapendeza mpaka nimejifanya nakagua tairi.


Jumamosi, 17 Agosti — saa saba na dakika ishirini mchana

Tuko mbele ya ukumbi. Ndani ya gari. Mimi mbele, Kidoti nyuma, shela limejaza kiti chote. Milango minne yote imegoma.

Naandika juu ya usukani. Nifanye nini kingine? Nje kuna ukoo mzima, na ukoo wa bwana harusi, na mpiga picha ambaye HAACHI kupiga picha!

Tulipoondoka nyumbani mlango wa Kidoti ulikataa kufunga. Shemeji akausukuma kwa nyonga. Wajomba wengine wawili wakaongeza nyonga zao. Ukaitika. Mimi wangu nikauvuta kwa mikono miwili. Tukaenda vizuri, polepole, watu wanapunga. Kisha mpiga picha akatusimamisha kwenye bustani juani nusu saa nzima, tumo ndani ya gari, ati mwanga uko vizuri. Huyo ndiye nitakayemshitaki! Jua limeunguza, mipira imelainika, imevimba, imeshika bodi kama gundi. Ukivuta kitasa kwa ndani, kinacheza tu. Mlango umebanwa.

Dada ndiye alikuja kufungua, na glavu zake nyeupe za mama wa bibi harusi. Mikono ikateleza. Mafuta yameyeyuka yametoka kwenye mipira yakashuka kwenye vitasa. Akazitazama glavu. Leso ya Alhamisi ilikuwa nyeupe. Glavu za leo sitaki kuziandika.

Halafu Kiyoyozi. Kavua koti. Kashika kitasa cha nyuma, kaweka mguu kwenye bampa — kwenye bampa yangu! — kavuta. Nikamfokea kupitia kioo, shemeji, mguu! Kitasa kikakatika. Kakaa chini nacho mkononi. Nadhani ni hapo tu mchana wa leo nimefurahi.

Vioo vya nyuma vinashuka nusu tu, ndivyo vilivyotengenezwa. Bwana harusi kapitisha mkono, kampa Kidoti soda, kisha mkono akausahau humo ndani. Wameshikana. Kioo changu kinashuka chote, lakini kutoka dirishani na suti mbele ya wakwe! Na yeye je, na shela? Kiyoyozi kasema wamtoe tu kwa dirisha la mbele kama mzigo. Dada akamwambia afunge mdomo. Angalau hilo.

Mke wangu kasimama mbele ya gari, mikono kiunoni. Ananiangalia muda mrefu.

Kumbe dada kampigia simu mzee wa vipuri. Wa nini? Mafundi wamejaa mji mzima, kapigiwa YULE! Kafika sasa hivi na mkebe wa poda ya watoto na kisu cha plastiki kisicho na makali. Kainama, kaangalia mpira kwenye ufa wa mlango, kaunusa. Kavua miwani.

"Hapa pamepakwa nini?" kauliza.

Hata mpiga picha kaacha kupiga.

Dada kaja kwenye kioo changu. Sauti yake ni ile ya utotoni, kabla ya kofi. "Umepaka nini?"

Mimi nimefungua mdomo. Nilikuwa nataka kusema jua, nilikuwa nataka kusema mpiga picha. Kabla sijasema, Kidoti kapaza sauti kutoka nyuma, kwa utulivu, kama anajibu salamu:

"Mama, ni ile dawa niliyomletea mimi. Nadhani nilinunua mbovu. Msimgombeze mjomba."

Sasa Kiyoyozi anasema si alijua, watoto wa siku hizi wananunua vitu kwa kuangalia chupa. Shangazi anasema siku ya harusi yake mwenyewe, jamani. Dada kamgeukia mwanawe, kwenye ule ufa wa kioo, anamwambia yeye na mjomba wake ni wale wale, kichwa kimoja. Mwanamke kavaa shela anagombezwa! Na hajawahi kukosea kitu! Mzee wa vipuri peke yake hasemi. Ananyunyiza poda ufani, anapitisha kisu, ananitazama kwa jicho moja. Anajua kidumu alinipa nani.

Nimejifanya naandika. Naandika kweli.

"Mjomba," Kidoti kasema chinichini, "unaandika nini?"

"Hesabu za safari, mama."

"Andika na bampa zimependeza. Kila mtu kasema."

Mlango wa nyuma umetoa sauti, kama kitu kinachonyofoka. Bado. Mzee kasema hesabuni mpaka tatu, msukume kwanza ndani, ndipo mvute. Ukifunguka, watanitazama mimi, na nitatakiwa kusema kitu. Nina maneno mengi, huwa sikosi. Nimejaribu la waziri, nimejaribu la mhandisi wa ndege, nimejaribu mpaka la samaki. Hakuna linalokaa.

Wamefika mbili.

Dawa ya Kidoti haina kosa. Zile bampa ambazo dada alizipangusa kwa leso, na vioo, na yote yaliyong'aa — ni chupa yake. Haikuvuja. Niliitumia mimi, mpaka tone la mwisho. Yangu ni hii milango tu.